Mafunzo ya siku tatu ya usalama chini ya ardhi hapa Mwanza: nimekaa darasani mwenyewe, haya ndo niliyoyaona

Nimeulizwa na watu kama wanne hivi kama yale mafunzo yanafaa kutolea hela au ni cheti tu cha kumuonyesha mkaguzi akija, sasa badala ya kujibu mmoja mmoja naandika hapa mara moja. Mimi ni mama, nina leseni ndogo ya dhahabu upande wa Misungwi, maduara mawili, yaani mashimo ya kuchimbia, yanafanya kazi, na hayo mafunzo nimekaa siku zote tatu pamoja na vijana wangu watatu. Jina la waendeshaji sitaji maana kuna mambo nitasema hayatawafurahisha, ila mliopo kwenye haya mambo mtawajua tu, wanakodi ukumbi ghorofani ambao dirishani unaliona ziwa na mawe yetu yale makubwa.

Bei ni laki moja na elfu themanini kwa kichwa, chai na chakula cha mchana humo humo. Mimi nimelipia watu wanne, laki saba na ishirini, na kwa mwezi ule duara moja lilikuwa limejaa maji halitoi kitu kwa hiyo hela ile niliisikia ikitoka.

Nianze na mabaya niyamalize. Waliandika kuanza saa mbili asubuhi, tumeanza saa nne kasoro. Kuna watu wametoka Geita alfajiri, siku hizi wanapita darajani Kigongo hawangoji feri tena kwa hiyo wamefika mapema kabisa, wamekaa kwenye viti vya plastiki masaa mawili wanaangalia projekta iliyozimwa. Umeme ukakatika siku ya kwanza mara mbili na jenereta hakuna. Halafu makaratasi waliyogawa yote ni Kiingereza, kurasa arobaini na kitu, kijana wangu mmoja ameishia darasa la saba akawa anageuza geuza anatafuta picha. Jamani unafundisha watu wasife halafu unaandika kwa lugha ambayo nusu ya ukumbi hawaisomi! Nimewaambia na wamesema watatafsiri, nasubiri nione.

Basi, hayo mabaya yaishe, maana kilichofuata kimenibadilisha kichwa.

Mkufunzi mkuu ni mzee mmoja, nywele nyeupe zote, amefanya kazi ya makaa ya mawe chini ya ardhi kule Kiwira miaka ya zamani, sio dhahabu kama sisi. Mwanzoni nikajiuliza makaa yanatuhusu nini sisi wa kanda ya ziwa. Akaingia akasalimia mwangaluka kwa lafudhi ya kwao ukumbi ukacheka, halafu akaweka mezani jeki ya gari iliyofungwa kwenye fremu ya chuma. Akaweka kipande cha sabuni ya mche katikati akapampu. Sabuni ikabonyea taratibu, ikatoka pembeni kama ugali, hakuna kelele. Akaitoa akasimamisha kipande cha marumaru, kile kigae kigumu cha sakafuni, akafunika kwa dumu la maji lililokatwa akatuambia turudi nyuma. Akapampu, kimya. Akapampu tena, kimya. Kigae kinaonekana kizima kabisa hakina hata ufa. Pampu ya mwisho, PAA, vipande vimegonga dumu mpaka mama mmoja nyuma akapiga ukelele.

Akasema, wanangu, sabuni ile ndo mwamba laini, unakuonya siku nzima. Kigae ndo mwamba mgumu, unakaa na nguvu ndani kama mpira wa manati uliovutwa, siku ukiachia unaachia wote. Hicho ndo kinaitwa mwamba kufyatuka, na sio sawa na kifusi kudondoka. Kifusi kinaanguka kwa uzito wake, kinatoka juu. Mwamba uliofyatuka unarushwa, unaweza kutoka ukutani, unaweza kutoka hata chini unapokanyaga.

Nimeandika daftari zima siku ile. Alituambia mita moja ya mwamba pande zote ni tani mbili na nusu na zaidi kidogo, kwa hiyo ukiwa mita 100 chini kila kieneo cha mita moja kwa mita moja kinabeba kama tani 250, yaani fuso ishirini na tano za tani kumi zimepangwa juu ya meza. Sasa ukichimba ukatoa nusu ya mwamba, mzigo haupotei, ile nusu iliyobaki inaubeba wote, mara mbili. Ukibakiza robo inabeba mara nne. Hesabu ya darasa la tano kabisa, na mimi nina miaka tisa kwenye hii kazi hakuna aliyewahi kunipigia hesabu hiyo.

Ndo maana makaa yanatuhusu. Kwenye makaa wanachimba huku wanaacha nguzo za makaa yenyewe zishike paa, kama nguzo za nyumba, na mwishoni kuna migodi inarudi kuzichimba hizo nguzo maana nazo ni hela. Hapo sasa. Akatuhadithia mgodi wa Crandall Canyon, Utah kule Marekani, tarehe 6 Agosti 2007. Walikuwa wanatoa makaa kwenye nguzo kubwa za pembeni, zile za kulinda, na juu yao kuna mwamba wa mamia ya mita. Nguzo zikapasuka, makaa yakarushwa yakajaza njia, watu 6 wakabaki ndani. Vipima mtetemo vya nje viliandika ukubwa wa 3.9, na mwenye mgodi mwanzoni akasema ni tetemeko la ardhi, baadaye wataalamu wakaonyesha kwamba kilichotetemeka ni mgodi wenyewe ukiporomoka. Siku kumi baadaye, tarehe 16, waokoaji wakiwa wanachimbua kwenda kwa wenzao mwamba ukafyatuka tena ukaua 3 kati yao. Wale 6 hawajatolewa mpaka leo.

Ukumbi ulinyamaza. Maana sisi kwetu duara likibomoka nani anasubiri? Kila mtu anavua shati anaingia, ndugu anaingia, jirani anaingia, ukizuia wanakuona huna utu. Mzee akasema hajatuambia tusiokoe, na akataja Nyangalata ya Kahama mwaka 2015, wale 5 waliotolewa hai baada ya siku 41, wote tunaikumbuka, akasema kwa hiyo usikate tamaa kuhusu aliye chini. Ila mwamba ulioachia mara moja unakuwa haujatulia, mzigo umehama umeenda kukaa kwenye nguzo ya jirani, na wewe unayekimbia kuingia ndo unaenda kusimama chini ya hiyo ya jirani. Kwa hiyo kwanza watu wahesabiwe, usikilize mwamba dakika kadhaa, uweke matimba, ile miti ya kushikilia mwamba, unapoenda, waingie wachache na wanaojua, na juu abaki mtu mmoja wa kutoa amri ambaye sio ndugu wa aliyefukiwa. Hiyo ya mwisho niliiandika nikaipigia mstari mara mbili.

Alitaja na Springhill, Kanada, Oktoba 1958, mgodi wa makaa watu 174 wako chini, sakafu ikanyanyuka sehemu nyingine mpaka karibu na paa, wakafa 75, na wengine walitolewa hai baada ya siku zaidi ya nane. Na Coalbrook ya Afrika Kusini, mgodi wa makaa pia, 21 Januari 1960, walikufa watu 435. Hiyo alisema sio kufyatuka kama kigae moja kwa moja, ni nguzo kuzidiwa mzigo moja ikaangusha nyingine kama watu waliopanga foleni wakisukumwa, lakini mama yao ni mmoja, tamaa kwenye nguzo. Karibu wote 435 ni wafanyakazi weusi, wengi kutoka Lesotho na Msumbiji, na miili yao iko humo humo chini hadi leo.

Sasa niseme langu maana sitaki kuandika kama mtu ambaye yuko safi.

Baada ya chai akatuuliza, kwenye duara lako nani anaamua nguzo gani ibaki? Vijana wangu wakaniangalia. Hawakusema kitu lakini waliniangalia wote watatu. Kwa sababu mwezi mmoja kabla tulikuwa na nguzo kwenye duara la pili, imebeba makutano ya njia mbili, na sampuli yake ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote tulichopata mwaka ule, na mimi ndo niliwaambia waanze kuila kidogo kidogo upande wa ndani. Nilikaa juu kwenye kivuli nikawaambia hivyo. Walishakula kama theluthi. Na msimamizi wangu aliniambia mama hapa matimba yanalia, nikamwambia ongezeni miti.

Yaani nilikaa pale kwenye kiti nikahisi baridi. Nilipiga simu saa ile ile nikawaambia waliobaki site watoke wasiingie lile duara mpaka nirudi.

Ndo maana kwangu jibu la lile swali mnaloniuliza liko hivi: mafunzo yanafaa, LAKINI usitume vijana ukabaki nyumbani. Mle ukumbini tulikuwa watu kama thelathini na wenye leseni tulikuwa wawili tu, mimi na baba mmoja wa Nyarugusu. Wengine wote wametumwa. Sasa kijana atarudi amejua nguzo isiguswe, bosi atamwambia iguse, atafanyaje? Ana watoto. Kitu kikubwa kwenye haya mambo kinaamuliwa kabla mtu hajashuka, wapi mnachimba, mnaacha nini, mnaanzia upande gani, na hayo hayaamui yule mwenye sururu.

Siku ya pili ilikuwa ya dalili na jinsi wenzetu wa makaa wanavyopambana nayo, na hii kwangu ndo ilikuwa tamu zaidi. Mwamba unaongea. Mzee alisema kwenye makaa unasikia kama bisi zinapasuka kwenye sufuria ya kufunikwa, zikiwa chache chache unakaa macho, zikiongezeka haraka haraka unatoka, na zikikatika ghafla baada ya kelele nyingi usifurahi, toka pia. Vipande vidogo vinaruka ukutani bila mtu kugusa. Mti wa timba unapinda au unatoa maganda. Sakafu inavimba. Vumbi linashuka darini na hakuna aliyepiga baruti. Ukichoronga unaona tindo inabanwa, au unga unatoka mwingi kuliko shimo lenyewe, na hii wenzetu wanaipima kabisa, wanatoboa shimo dogo wanapima unga wa kila mita, ukizidi kawaida wanajua pale kumebanwa.

Dawa zao ni kutoboa mashimo makubwa matupu kwenye makaa ili yalainike, yaani wanageuza kigae kiwe sabuni, nilivyoielewa mimi. Au wanaingiza maji kwa presha. Au wanapiga baruti ndogo makusudi watu wakiwa mbali ili mwamba uachie wakati hakuna mtu. Migodi mikubwa wanatega vipima mtetemo ukutani vinasikiliza usiku na mchana hata mlio ambao sikio halisikii. Kuna bolti maalumu zinazovutika badala ya kukatika. Na kuna sheria za kuweka idadi ya mwisho ya watu kwenye eneo la hatari, Wachina kwenye makaa wanayo hiyo, kwamba mkizidi hapa hamruhusiwi. Hii ya mwisho haina gharama hata shilingi na sisi duara moja unakuta watu kumi na tano wamejazana kwenye uso mmoja, yaani pale mwamba unapochimbwa, wanapokezana tochi.

Kwenye makaa kuna balaa lingine juu ya balaa, mwamba ukifyatuka unatimua vumbi la makaa na unaachia gesi iliyokuwa imejificha, ikikutana na cheche ni mlipuko wa moto. Sisi wa dhahabu hilo kwa kawaida hatuna, tunashukuru.

Na nimpongeze mzee kwa ukweli. Baba wa Nyarugusu aliuliza, duara langu ni mita arobaini, na mimi nitafyatukiwa? Angeweza kumtisha ili watu waje tena kulipa. Akamjibu hapana mzee mwenzangu, kwa kina hicho kufyatuka ni nadra, kwako wewe kinachoua ni kifusi, hewa mbaya, maji ya mvua kuingia, kamba kukatika, na moshi wa baruti watu wakirudi mapema. Ila nguzo yako ukiila itakuua kwa mita arobaini vile vile, na kadri mnavyofuata mwamba kwenda chini kila mwaka mnasogelea huku kwangu. Halafu akaonyesha dirishani, yale mawe yetu yamekaliana moja juu ya lingine, akasema yale yamekaa miaka yote kwa sababu hakuna aliyeyabana, shukeni chini muyakute yamebanwa muone tabia yake. Mimi nimezaliwa Mabatini, nyumba yetu imeegemea jiwe, sikuwahi kuliangalia vile.

Siku ya tatu ndo walipoharibu kidogo. Tulitegemea kwenda kwenye duara kwa vitendo, tumeenda kweli, lakini asubuhi yote iliishia kwa muuzaji wa vifaa aliyeletwa ukumbini. Helmeti, buti, miwani, tochi za kichwani. Vifaa vyenyewe vizuri, nimenunua helmeti sita na tochi nne, sina ubaya na hilo. Ubaya ni maneno, anasema ukivaa hii umepona. Mzee akasimama, kwa upole tu, akamwambia kijana wangu, helmeti inakuokoa na jiwe la ukubwa wa ngumi, uza kwa hilo na watu wavae kila siku, ila usimwambie mtu amepona, kwa maana atakaa chini ya nguzo mbovu akiwa anajiamini. Waendeshaji wangempa huyo muuzaji dakika ishirini mwishoni, sio saa tatu za watu waliolipa.

Huko kwenye duara tulikofika jioni tumefanya masaa mawili tu, kugonga paa kwa fimbo ya chuma na kusikiliza. Ukigonga mwamba mzima unalia kwa sauti kali kama kengele, uliotengana unatoa mlio wa debe, wa uvungu. Kijana wangu yule wa darasa la saba ndo alikuwa bora kuliko wote, anagonga anasema hapa papo, hapa hapapo, mzee akamuita mwalimu mdogo mbele ya watu. Alivyofurahi! Hii ingekuwa siku nzima jamani, hii ndo pesa ya watu ilipo. Na watu thelathini kwa fimbo tatu ni wengi mno, wengine wamegonga mara mbili tu wakarudishwa kwenye gari.

Chakula kilikuwa kizuri, sato siku mbili na maharage siku moja, hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo mzee nampa kumi kwa kumi, waendeshaji nawapa sita. Wakirekebisha muda, makaratasi ya Kiswahili na ile siku ya tatu, mimi narudi na wengine. Cheti wanatoa, ila kama unaenda kwa ajili ya cheti tu baki na hela yako ununue miti ya matimba, itakusaidia zaidi.

Kwangu yamebadilika haya. Ile nguzo imepigwa rangi nyekundu pande zote na tumeisimamishia matimba mapya upande tulioula, msimamizi ndo mwenye neno la mwisho, na nimemwambia mbele ya wote kwamba hata mimi nikisema iguswe akatae. Kwenye uso mmoja watu wanne, basi. Na siku wakitoka kwa sababu mwamba umeongea, posho ya siku ile nalipa kamili, kwa sababu nimegundua walikuwa wanavumilia kelele wakiogopa kupoteza hela ya kula. Wiki iliyopita wametoka saa tano asubuhi, wakakaa juu wanacheza bao mpaka jioni. Hakuna kilichoanguka siku ile. Nimelipa.

Darasa lijalo nimeambiwa ni baada ya mvua, nafasi wanajaza mapema. Beba daftari lako na sweta maana lile dirisha linaingiza upepo wa ziwa, na kama una mbia kwenye leseni nenda naye, mimi wangu nampeleka safari hii hata kama hataki.